Baba Kasafiri

Nilipohamia Mbagala na binti yangu wa miaka minne, mtu wa kwanza kunisemesha alikuwa jirani wa mlango wa pili, mama wa makamo anayeuza vitumbua asubuhi. Aliniuliza huku akiosha chuma chake cha kuchomea, "Na baba mtu yuko wapi?"

Nikajibu, "Kasafiri."

Ni neno lenye stara. Mume aliyesafiri anarudi, na mke wa msafiri hachunguliwi dirishani. Ukweli ni kwamba alikuwa Pugu kwa mama yake, na sisi wawili tulikuwa tukiachana polepole, kikao kimoja baada ya kingine, mbele ya afisa ustawi wa jamii.

Nilifanya kazi Mwenge, kusahihisha vitabu vya shule kabla havijaenda mtamboni. Ofisi ilifungwa saa kumi na moja jioni. Kituo cha watoto alichosoma binti yangu kilifungwa saa kumi, nami nilifika nyumbani saa moja na nusu. Katikati pale palikuwa na shimo, na mtoto wangu alikuwa akitumbukia humo kila siku: leo anaachwa saluni, kesho kwa mwalimu aliyekubali kubaki huku amekunja uso. Baba yake akalitaja shimo hilo kikaoni. Hakusema uongo.

Afisa alikuwa dada mpole, na upole wake ndio ulionitisha. "Nataka mtu mmoja, mama," alisema. "Siyo leo huyu, kesho yule. Alhamisi ya wiki ijayo, saa kumi na mbili jioni, nitakuja nimwone mtoto alipo. Nikikuta hali haieleweki, atakaa Pugu kwa bibi yake mpaka ujipange. Jumamosi ni za baba, kama mlivyokubaliana."

Nikapekua majina kwenye simu. Yalikuwa mengi. Walikuwepo watu wa kubishana nami kuhusu riwaya mpaka chai ipoe, watu walionililia walipoachwa na wapenzi wao. Nilipita jina baada ya jina nikitafuta mmoja wa kumwambia, nifutie mtoto makamasi nikiwa kazini. Nikafika mwisho wa orodha, nikaanza tena juu, kana kwamba kuna mtu aliyekuwa amejificha.

Ndipo nikaenda mlango wa pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umesimama mlangoni kama karani wa sensa? Ingia."

Nikaeleza shida ya saa. Nyingine sikuieleza.

"Mlete," alisema. "Hapa kwangu watoto wanalia wenyewe, wananyamaza wenyewe. Ni mpaka baba yake arudi, siyo?"

"Ndiyo, mama," nikasema.

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri; jirani alimchukua kituoni saa kumi. Nilimkuta binti yangu ameshaoga, amekaa mkekani, anafundishwa kupepeta mchele. Kisha ikaja Jumatano, siku moja kabla ya afisa. Niliporudi, jirani alikuwa mlangoni, kavaa khanga mpya, anacheka peke yake.

"Hongera! Mwenyewe karudi!"

"Nani?"

"Nani tena? Mumeo! Nimempa maji, nimempa vitumbua, nimemuuliza habari za safari, kasema nzuri. Mwanaume mpole! Nikamwambia mchukue mwanao mkanyooshe miguu, mkeo anachelewaga."

Nikapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena.

"Tuko hapa barabarani tunakula chipsi," baba yake alisema. "Kumbe mimi nimesafiri? Nilikwenda wapi?"

"Leo ni Jumatano," nikasema.

"Najua. Nilikuja kuona anakaa na nani. Nimekuta mtu anamkabidhi mwanangu kwa mwanaume asiyemjua hata jina. Kesho nitampigia afisa, nimweleze nilichokiona."

Alimrudisha saa mbili kasoro, analamba chumvi vidoleni. "Mama, baba karudi safari," binti yangu alisema, na furaha yake ilikuwa nzima, haina ufa.

Alipolala nikamwambia jirani yote. Alisikiliza huku akiloweka mchele wa kesho, hakuniangalia.

"Kwa hiyo mie nimempa mtoto mtu asiyepaswa kupewa."

"Hukujua, mama."

"Sikujua kwa sababu hukusema. Watoto watano nimewalea humu ndani bila mwanaume. Ulidhani nitakucheka? Umenifanya juha mbele ya mumeo." Akafunika ndoo. "Kalale."

Hakusema kama kesho atamchukua kituoni.

Alhamisi niliomba ruhusa, nikatoka ofisini saa nane nimchukue mtoto mwenyewe, nikafika kituoni nikakuta ameshachukuliwa. Nilipoingia uani, afisa alikuwa ameshafika kabla ya saa aliyoitaja, amekalia kigoda. Binti yangu alikuwa mkekani na ungo wake. Kumbe jirani alikwenda kumchukua kituoni kama kawaida. Wapangaji walikuwa wamepanga foleni ya ndoo bombani.

"Baba yake amenipigia asubuhi," afisa alisema, akimtazama jirani. "Wewe ulielewa nini kuhusu hawa wazazi?"

"Mwenyewe huyo kaingia. Muulize."

Bomba lilikuwa linatiririka taratibu. Nikasema, kwa sauti iliyotoka kubwa kuliko nilivyokusudia, "Tumeachana. Hakusafiri popote. Nilimdanganya mama huyu."

Jirani akashusha pumzi. "Basi andika jina langu. Mtoto haondoki hapa mpaka mama yake aje, hata angekuja nani na mzigo gani."

Afisa akaandika. Akasema atakuja tena bila kutoa taarifa, na kwa sasa mtoto abaki kwangu.

Nikabaki nimesimama katikati ya ua, nikisubiri mtu wa foleni ageuke, aniulize, hata anicheke. Ndoo moja ikajaa, ikaondolewa, nyingine ikasogezwa. Nikamfungia binti yangu viatu, nikamshika mkono, tukaingia ndani kwetu.