Aliyezima Injini Ili Aamkie

Juzi, katika ghala moja la Singida, dereva wa mashine ya kuinulia magunia alizima injini mashine ikiwa bado inatembea. Mbele yake alisimama mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa, mwenye mvi, na mzee haamkiwi kwa kupayuka juu ya mngurumo wa injini. Usukani ukawa mgumu. Mashine ilimkosa mzee kwa shubiri, ikagonga magunia ya mtama.

Fundi wa mashine, niliyekuwa nimesimama naye kando, alimwambia dereva, “Hapa hakuna chuma kutoka usukani hadi magurudumu. Ni mafuta, na pampu yake inazungushwa na injini. Ukizima, unabaki na mikono yako. Simama kwanza, zima, ndipo usalimie.”

Mzee alijikung'uta mtama begani. “Kwa hiyo adabu ndiyo ya mwisho?”

Mimi na fundi tulitazamana. Katika ghala zima, aliyejaribu kumwamkia alikuwa dereva peke yake.