Bi Katikati na Kitabu Kizima

Mgeni yeyote aliyeingia chumbani mwake angeapa kuwa mwenye chumba hajui kusoma. Vitabu vyote vya kwenye rafu vilisimama kichwa chini miguu juu. Wapo waliojitia wema wakavigeuza kimoja kimoja, huku wakimwonea huruma mama wa watu. Yeye aliwaacha wamalize, wanywe chai yao, na wakishatoka tu akavirudisha vilivyokuwa. Hakuwa na kichaa, msimfikirie vibaya. Vilikuwa vitabu vilivyoharibika kiwandani, vilivyobandikwa majalada kinyume, na wafanyakazi waliruhusiwa kuvichukua bure. Ukikisimamisha ili jalada lisomeke, maandishi ya ndani yanapinduka. Mama huyu alijali ya ndani.

Kazini walimwita Bi Katikati, na jina likamganda hata mtaani. Kwa asiyejua, kitabu hakitoki kwenye mashine kikiwa kitabu. Zinatoka karatasi kubwa, pana kama shuka, kisha zinakunjwa na kukunjwa tena, na kila mkunjo ukawa na kurasa kumi na sita. Hapo ndipo kina mama wanapojipanga kwenye meza ndefu, kila mmoja na rundo la mkunjo wake. Wa kwanza anaweka wake, jirani yake anaongeza wa pili, hivyo hivyo hadi mwisho wa meza, na mzigo unakwenda kushonwa na kupakwa gundi. Siku yake ya kwanza msimamizi alimweka katikati ya meza, akasema atamhamisha. Yule bwana alikuwa hodari wa kusahau watu pale alipowaweka, na Bi Katikati akazeekea hapo hapo.

Sasa, mashine ya gundi ilikuwa na maradhi ya kukwama. Ikikwama, meza nzima inasimama, na kila mama anasoma kile kilicho mbele yake. Bi Katikati alisoma vitabu vya kila aina kwa mtindo huo, na vyote alivikuta vimeshaanza. Akipata riwaya ya mapenzi, wapendanao wameshagombana. Akipata ya upelelezi, marehemu ameshazikwa. Akipata historia, mfalme ameshapinduliwa na wanagawana viti. Hata kitabu cha afya alikikuta mgonjwa ameshameza vidonge, naye asijue ni vya nini. Akishanogewa, mkunjo unakwisha katikati ya sentensi, mtu ameshika kitasa cha mlango, na mlango wenyewe uko kwenye rundo la jirani.

Wakati wa chai ndipo walipounganisha. Mama wa mkunjo wa kwanza, waliyemwita Mlango, alisimulia mwanzo. Bi Katikati alitia ya katikati. Wa mwisho wa meza, Mwisho wa Reli, alimalizia, na huyo alikuwa mwongo wa kupindukia. Kila kitabu kwake kiliishia kwenye harusi. Siku moja aliozesha watu hata kwenye kitabu cha ufugaji wa nyuki, meza ikacheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini. Bi Katikati alicheka pamoja nao, lakini moyoni ilimuuma. Alitamani kitu kimoja tu duniani na alikisema waziwazi kwa yeyote aliyetaka kusikia: nikistaafu nitasoma kitabu kimoja kizima, kwa macho yangu mwenyewe, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho.

Kwa nini asisome jioni nyumbani? Eh, waulizao hivyo hawajawahi kurudi nyumbani na kukuta mume kitandani asiyeweza kujigeuza, na mtoto wa kike anayetaka kusukwa, kulishwa na kufuliwa sare. Mume aliugua miaka na miaka, akafa. Mtoto akakua. Vitabu vikazidi kujipanga rafuni, na Bi Katikati akawa anavipangusa vumbi kila wiki, akivipa ahadi.

Basi akastaafu. Wakamfanyia sherehe ndogo ya soda na keki, msimamizi akakosea hata jina lake halisi. Mwezi ule ule akaanza kuona doa. Akiitazama sura ya mtu, pua haipo. Akilitazama neno, herufi za kati zimefifia, zimebaki za pembeni. Alidhani ni miwani, akapangusa na kupangusa. Binti yake akamshika mkono mpaka kliniki ya macho.

Daktari hakuzunguka. Alimwambia kwamba kuna sehemu nyuma ya jicho, ile inayoonea vitu vidogo kama maandishi, na sehemu hiyo inakufa kwenye macho yote mawili. Haitarudi. Hatakuwa kipofu wa kupapasa ukuta, ataona njia na watu, ila kusoma kutakwisha.

"Nisisome basi, niyatunze?" aliuliza.

"Hapana, mama. Kusoma hakuyadhuru. Soma sasa hivi, wakati bado unaona."

Njiani kurudi alimwambia binti yake, "Umeona? Nimekaa katikati maisha yangu yote, na sasa hata macho yanaanzia hapo hapo kuondoka." Binti hakucheka. Wala yeye hakuwa anataka kuchekesha.

Asubuhi iliyofuata alisimama mbele ya rafu, na hapo ndipo adha ilipoanza. Macho yaliyobaki yalitosha kitabu kimoja, pengine viwili kama Mungu angependa. Kipi? Fikiria umepewa mlo mmoja wa mwisho na mezani kumejaa. Alichukua riwaya ya upelelezi kwa sababu alitaka kujua nani aliua. Akasoma kwa raha, pole pole, uso kaupinda pembeni ili doa lipishe maneno. Alipofika ukurasa wa kumi na sita akakifunga. Hakukusudia. Mkono ulifunga wenyewe, ukakiweka upande wa kulia, kama alivyosukuma mkunjo kwa jirani kwa miaka yote ile, na akili nayo ikaomba kingine.

Akajikaza, akakifungua tena. Maneno aliyaona, lakini hayakumwingia. Kichwa kilishamaliza zamu. Akajiambia pengine kitabu ndicho hakimfai, amekosea kuchagua, mtu wa umri wake anatafuta nini kwa wauaji. Akachukua cha historia. Kurasa kumi na sita, mkono ukafunga. Akachukua safari za baharia mmoja, akaona zinapendeza, zikakatika pale pale. Mashairi alidhani ndiyo dawa yake, kwa kuwa ni mafupi, kumbe ufupi ule ulimzidishia ugonjwa, akaruka ruka kama kuku anayedonoa. Cha majini na mizimu kilimtia hofu ya bure. Cha maisha ya mwanamke mmoja mfanyabiashara kilimwudhi, maana yule mwanamke alifaulu kila kitu kabla ya mkunjo wa kwanza kwisha.

Siku zikawa zinakwenda hivyo. Asubuhi anachagua, mchana anajuta. Akiwa na mapenzi mkononi anawaza historia, akiwa na historia anahisi kule kwenye upelelezi kuna mtu anamsubiri. Na kila akirudi kwenye kitabu cha juzi, doa limekua kidogo, inambidi aanze upya kwa kuwa amesahau nani ni mke wa nani. Alikuwa akitumia macho yake ya mwisho kusoma mianzo, na alijua, na hakuweza kujizuia.

Mlango alikuja kumtembelea, amenenepa, amevaa viatu vipya vinavyolia. Alimkuta shoga yake amezungukwa na vitabu sakafuni.

"Unafungua duka?"

"Nashindwa kuchagua."

"Kitu gani cha kushindwa? Soma cha mapenzi kile chenye jalada jekundu. Mimi mwanzo wake naukumbuka mpaka leo. Yule binti anaanguka kwenye ngazi za benki, si ndiyo, kumbe aliyemdaka ndiye..."

"Nyamaza, wewe."

"Nakufupishia."

"Nimefupishiwa miaka thelathini, shoga. Usinifupishie tena."

Mlango alikuwa mtu wa mzaha lakini hakuwa mjinga. Akainama kwa taabu, akaokota riwaya ya upelelezi, akampa mkononi na kumkalisha kitini. "Soma. Ukifika pale pa kufunga, mimi nitakushika mkono."

Na kweli alikaa. Bi Katikati akasoma, akafika ukurasa wa kumi na sita, na Mlango akamkamata kiganja kama mtu anayemzuia mtoto kushika jiko. Akavuka. Ukurasa wa kumi na saba. Akahisi furaha ambayo hakuwahi kuihisi hata siku ya kustaafu. Akasoma hadi jua likainama, na Mlango amelala kitini mdomo wazi bila kumwachia mkono. Mpelelezi alikuwa ndiyo kwanza ameingia kwenye nyumba ya marehemu.

Mlango aliahidi kurudi kesho yake, lakini akapatwa na mguu, ukavimba, akapelekwa kukaa kwa mwanawe mbali. Bi Katikati akaendelea peke yake. Hakugusa kingine tena, alikuwa amekata shauri. Ila sasa kurasa mbili zilimchukua asubuhi nzima, kisha ukurasa mmoja, kisha aya. Halafu asubuhi moja alifungua pale alipoweka uzi, akakuta ukurasa wote ni ukungu wenye kingo. Akaupeleka dirishani. Akautoa nje uani, juani. Akaupinda huku na huku, akabadilisha miwani, akaosha uso. Halafu akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa akalia, akalia kwa sauti, jirani akachungulia juu ya ukuta akauliza nani amefariki.

Binti yake alipiga pasi kwenye duka la dobi, amesimama tangu asubuhi mpaka jioni kwenye mvuke. Aliporudi siku ile alikuta macho ya mama yamevimba. Hakuhitaji kuambiwa. Alikaa kitandani, akavua viatu.

"Nitakusomea mimi, Mama. Kila jioni, kabla hatujala."

"Utachoka, mwanangu."

"Nishachoka tayari. Kipi?"

Bi Katikati hakufikiri hata kidogo. "Cha upelelezi. Kianze mwanzo. Kizima."

Wakaanza. Binti alisoma vizuri, kama walivyofundishwa shuleni, akipanda na kushuka. Mama alikaa karibu naye, mikono mapajani, na zile jioni za kwanza alikuwa mtu mwingine kabisa. Alibishana na mpelelezi. Alimshuku mjane, akamshuku mpishi, akamwomba radhi mjane. Binti akacheka, akasahau miguu.

Lakini pasi ni pasi. Duka lilipata kazi ya kufua mashuka ya hoteli, binti akawa anarudi amekauka midomo, vidole vimebabuka. Alisoma huku anapiga miayo. Jioni moja akageuza ukurasa, na Bi Katikati akasikia. Karatasi moja ina sauti yake, na mbili zikienda pamoja zina sauti nyingine, nzito. Alisubiri binti arudi nyuma, akidhani vidole vimeteleza. Binti hakurudi. Akaendelea kusoma mpelelezi yuko kituo cha reli, na jana walimwacha bafuni.

Jioni ya pili zikaenda tatu. Ya tatu ukaenda mkunjo mzima, na kwa hilo hakuna ambaye angeweza kumdanganya. Bi Katikati alifungua mdomo. Aliusikia mgongo wa binti ukilia alipojinyoosha, aliona kwa pembe ya jicho ile miguu imewekwa juu ya stuli, imefura. Akiambiwa arudie atarudia, na kesho ataona kusoma ni adhabu, na kesho kutwa atapata udhuru. Akauma ulimi. Alisikiliza kitabu chake kikipita vipande vipande, hajui hata nani anaongea, akawa anaitikia "eeh" na "kumbe" pale sauti ya binti ilipopanda.

Wakafika mwisho mapema kuliko unene wa kitabu ulivyoruhusu. Mpelelezi aliwakusanya watu sebuleni, akawapitia mmoja mmoja, akamnyooshea kidole muuaji, na muuaji akawa fundi saa. Bi Katikati hakuwahi kusikia habari za fundi saa yeyote.

Binti akafunga kitabu kwa fahari, akamshika mama yake bega. "Haya. Mwisho. Kizima, tangu neno la kwanza. Umefurahi?"

"Nimefurahi, mwanangu."

"Na huyo fundi saa, ulimjua?"

"Nilimshuku tangu mapema," akasema Bi Katikati.

Binti akambusu kwenye paji la uso, akainuka kwenda kubandika chakula, na kutoka jikoni akauliza waanze kipi kesho, cha mapenzi au historia. Mama alisema imetosha, kitabu kimoja ndicho alichokuwa akikitaka, na sasa amekipata. Binti akashusha pumzi, na ile pumzi ya nafuu ilisikika mpaka chumbani.