Nilivyopunguza Repo Nikampunguza na Bibi Zainabu

Aibu hii naikiri mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, maana pale Kisenyi wapo wanaonisalimia hadi leo kwa kuniuliza mbuzi wangu hawajambo, na mimi sifugi hata kuku.

Tulikuwa watatu, mimi, Swaleh na Nuru, tunatengeneza programu ya simu ya kuwafundisha watoto Kinubi, lugha ya bibi zetu (sisi Wanubi wa Kampala tunaoielewa ni wengi, wanaoisema vizuri wanapungua). Kazi yetu yote ilikaa kwenye repo, yaani ghala la mtandaoni linalotunza kila faili na kila badiliko, hata ukifuta kitu leo, cha jana bado kimo kwenye historia yake. Jambo hilo lilitulevya, tukawa na desturi moja: tukimrekodi mzee tunaitia rekodi nzima kwenye repo, tunaikata vipande vya neno mojamoja kwa ajili ya watoto, kisha ile ndefu tunaiondoa, na kwenye simu ya kazi pia tunaifuta kwa sababu simu yenyewe ilikuwa inajaa upesi. Mtu akiuliza rekodi iko wapi tunamjibu, "Iko kwenye historia," na hakuna aliyewahi kwenda kuiangalia.

Rekodi ndefu kuliko zote ilikuwa ya Bibi Zainabu, aliyetusimulia harusi yake, kambi ya askari alikozaliwa na majirani wote aliowahi kugombana nao. Alipofariki, na siku zikakaribia arobaini, binti yake Mama Rehema akanipigia simu.

"Mwanangu, Jumamosi ni arobaini ya mama. Picha iko mingi, lakini sauti yake sina kabisa. Wewe ulimrekodi, si ndiyo? Kuja nayo, watu wasikie."

"Ondoa shaka, Mama. Ipo."

Na kweli ilikuwepo, maana hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatano ukaja ujumbe kwamba repo yetu imenenepa na inakaribia kikomo cha ukubwa kinachoruhusiwa. Sasa mimi ni mtu wa usafi (mezani kwangu hata kalamu zinalala zikielekea upande mmoja), nikaona kazi ndiyo hii. Ningeweza kuomba kwanza orodha ya faili kubwa nikaisoma, ni amri moja tu na dakika mbili za kusoma, ila sikuiomba. Niliamuru kila kinachozidi megabaiti kumi kiondolewe katika historia nzima, tangu siku ya kwanza, nikaisukuma repo mpya juu ya ile ya zamani, giga nne zikabaki megabaiti tisini, nami nikatoka kwenda kujipongeza kwa rolex, ile chapati ya kuviringishwa, ya mayai matatu.

Tena nikaongeza. Ukishapunguza repo hivyo, mwenzako mwenye nakala ya zamani kwenye kompyuta yake anaweza kuurudisha uzito wote bila kujua, kwa hiyo nikaandika kwenye grupu letu, walimo pia wazazi na walimu wa madrasa, kwamba kila mtu afute ya zamani, achukue mpya, na atume picha ya kuthibitisha. Nuru alituma mara moja. Ya Swaleh haikuja. Nikamwandikia mbele ya wote kwamba uvivu wake ndio ulioinenepesha repo, naye akajibu, "Tulia, Injinia, nitafuta."

Jumamosi baada ya Alasiri tukajaa uani kwa Mama Rehema, duwa ikasomwa, pilau ikaanza kugawiwa, na mimi nimekaa mbele na laptop na spika kubwa ya msikiti, sijajaribu chochote nyumbani, maana nilitaka watu waone kwa macho yao jinsi ninavyochimba historia. Nikachimba. Hakuna. Nikachimba tena, na hapo ndipo Jumatano yangu ikanirudia yote kwa mpigo mmoja.

"Haya Injinia, tunangoja," sheikh akasema.

Nikaona kidogo ni afadhali kuliko kimya, nikabonyeza vile vipande vya watoto. Sauti ya marehemu ikajaa uani, nzito na tulivu, ikisema kwa Kinubi: "Mbuzi." Kisha: "Mbuzi wawili." Watoto waliokaa kwenye mkeka, ambao programu yetu imewafundisha kuitikia, wakaitikia kwa pamoja: "Mbuzi wawili!" Bibi akaendelea: "Kikombe. Funga mlango." Mtu mmoja akainuka akaufunga. Wazee wakainamia sahani zao, mabega yanatikisika.

Mama Rehema hakucheka.

"Na ile ya harusi yake?"

"Nimeifuta, Mama."

"Yote?"

"Yote."

Akavuta leso akajifunika uso. Nimewahi kukosea mengi kwenye kazi hii, lakini pale nilijichukia.

Swaleh akaweka sahani chini. "Injinia, usinikasirikie, ssebo. Ile ya zamani mimi bado sijafuta. Niliona uvivu tu."

Anakaa kichochoro cha pili. Akakimbia, akarudi na laptop yake yenye kioo kilichopasuka, na mle ndani historia ilikuwa nzima kama tulivyoiacha, na Bibi Zainabu yumo. Tukaiunganisha na spika. Kwanza akakohoa, akacheka, kisha akauliza kwa Kiswahili:

"Hii mashine yako, kijana, haiwezi potesa maneno yangu?"

Ikafuata sauti nyingine, ya mtu anayejua kila kitu, nami nikaitambua kabla ya wenzangu: "Haipotezi, Bibi. Hata mimi mwenyewe nikitaka kuyafuta, siwezi."

Ua zima likageuka kunitazama. Mama Rehema akaitoa leso usoni, anacheka na machozi yanamtoka. "Banange! Rudisha nyuma," akasema. "Hapo mama anapocheka." Tukarudisha mara tatu, na kila mara nami nikasikika nikijibu.

Siku hizi orodha naisoma mstari kwa mstari kabla ya kufuta chochote, na rekodi za wazee zinakaa mahali patatu. Mojawapo ni laptop ya Swaleh, ambayo hakuna anayeruhusiwa kuisafisha, na mimi hata kuigusa siruhusiwi.