Mjomba wa Marehemu Nisiyemjua

Nichekeni tu, mimi mwenyewe nimeshindwa. Kiswahili na Lingala ninavyo tangu utoto, lakini mwaka huu nikajitia kujifunza Kienya, lugha ya wavuvi wa Wagenia. Utamu wake ulinilevya. Lugha hizi ni ndugu: unaingia ugenini, unakuta nusu ya maneno unayajua sura.

Jumamosi nilipita karibu na maporomoko ya mto wanakovua nikasikia matanga, watu wakilia kwa Kienya. Mwenye akili angepita zake. Mimi nikaingia, nikatoa pole ndefu ya Kienya bila kukwama hata mara moja.

Mama mmoja mzee akanishika mkono. "Tonton wa Ubundu amefika! Tulikuwa tunamungoja yeye tu."

Kumbe walimngoja mjomba wa marehemu, mtu ambaye hawakuwahi kumwona. Nilipaswa kukana pale pale. Lakini nani aliwahi kunisifia Kienya changu namna ile? Nikaitikia kwa kichwa, mpumbavu mimi. Wakanipa kiti kando ya jeneza. Mjane akalia begani kwangu, nami nikamfariji vizuri sana. Mama mzee hakuniachia mkono.

Kisha wakaleta nyundo na misumari. Kaka wa mjane akasimama.

"Bon, tonton, sasa iko kazi yako. Kwetu mujomba ndiye anaita mutu kwa jina lake mara ya mwisho, kisha tunafunga."

Kila mtu akanigeukia. Kichwani nilikuwa na mto, samaki, mtego, kilio, vyote kwa Kienya safi. Jina la marehemu sikuwa nalo.

Mama mzee akauachia mkono wangu.