Tromboni ya Mkono Mfupi

Mimi ni fundi wa nguo, na kabla sijamtazama mtu usoni huwa nimeshamtazama mabegani. Ndiyo maana nilijua mapema kuliko wote kwamba mikono yangu ni mifupi. Mashati ya dukani hunifunika hadi kucha. Jambo hilo halikunisumbua hata siku moja, hadi nilipofika miaka arobaini na mitatu, nikiwa na wajukuu wawili, nikaamua kwamba nataka kupiga tromboni kwenye fanfari, yaani bendi ya tarumbeta na ngoma, ya kanisa letu hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka.

Msiniulize kwa nini tromboni. Tarumbeta hujisifu, ngoma hupayuka, lakini tromboni huongea kama mtu mzima aliyekwisha kula akashiba. Nilipokuwa msichana kule Uvira, fanfari ilikuwa ikipita mbele ya nyumba yetu kila sikukuu, nami nilimfuata mpiga tromboni mpaka natafutwa kwa fimbo. Halafu mambo yakaja, tukakimbia, nikazaa, nikashona. Tromboni nikaisahau, au nilidhani nimeisahau.

Mpiga tromboni wa kanisa letu alipojua kwamba safari yake ya kuhamia ng'ambo imekaribia, alikubali kunifundisha kwa miezi mitatu. Pumzi ninayo, alisema, na sikio ninalo. Shida ilikuwa mkono. Tromboni haina vitufe vya kubonyeza kama tarumbeta. Ina bomba refu la kuvuta na kusukuma, nalo lina vituo saba. Cha kwanza kiko karibu na shavu, cha saba kiko huko mbali Mungu anakojua. Mimi niliishia cha tano. Cha sita nilikigusa kwa ncha za vidole, na siku moja, katikati ya mazoezi, bomba zima lilinichomoka likaenda kulala miguuni pa mzee wa kanisa. Aliliokota akanirudishia kwa heshima zote, na wenzangu wakacheka mpaka mazoezi yakavunjika.

Basi yule bwana akasafiri na tromboni yake. Sisi kina mama tukatoa mchango ili kanisa linunue nyingine. Mwalimu wa fanfari, mtu mpole wa Bukavu anayevaa tai hata siku ya kufua, aliniita pembeni.

"Mama, mi sifiche. Ule wimbo ya shukrani inamalizikia na noti ya chini, na ile noti iko kwa kituo ya sita. Tutaenda wote Lilongwe kuchagua tromboni. We utapiga ile noti kule kule, mbele yetu. Kama inakatala, tutamupa shemasi."

Shemasi wetu ni mrefu hata suruali zake huwa namshonea kwa vitambaa viwili. Mikono yake inafika popote. Sikuwa na ugomvi naye, lakini usiku ule nilimchukia, na nilipomwombea niliomba kwa kifupi.

Tulipata karatasi za ruhusa ya kutoka kambini tukaondoka watatu: mwalimu, shemasi na mimi. Tulikuwa tumeelekezwa kwa mzee mmoja wa mtaa wa Kawale, mpiga bendi wa zamani aliyeuza vyombo vya muziki sebuleni kwake, nyuma ya vibanda vya soko. Alitukaribisha, mkewe akatuletea maji, tukasema zikomo, yaani asante, mara nyingi kupita kiasi kama tunavyofanya tukiwa ugenini. Halafu akaweka tromboni mbili juu ya kochi.

Moja iling'aa. Iling'aa kiasi kwamba shemasi alijiona kwenye mdomo mpana wa tromboni hiyo, akarekebisha kola. Ya pili ilikuwa imefifia rangi, ina mbonyeo ubavuni, na juu ya bega ilibeba mabomba ya ziada yaliyojikunja. Karibu na mahali pa kushikia palikuwa na kijiti kidogo cha chuma.

Mwalimu aliizunguka hiyo ya pili akitikisa kichwa. "Hii banaishaga kuitengeneza. Angalia, ilibapasukia, bakaungaunga mabomba ya ingine."

"Kabisa," akasema shemasi.

Mwalimu akaishika ile inayong'aa kama anayeshika mtoto wa kubatizwa. "Kizuri chajiuza," akasema, na nikaona jambo limekwisha.

Nilitoa utepe wangu wa kupimia, maana hautoki shingoni mwangu hata niende msibani. Nilipima mkono wangu, kutoka begani hadi kiganjani panaposhika bomba. Kisha nikapima bomba la ile inayong'aa hadi kituo cha sita. Nilipungukiwa na upana wa vidole vinne. Nikapima ile iliyofifia. Vidole vinne vilevile. Mzee wa Kawale alikuwa akinitazama huku ameshika tumbo. Nakielewa Kichewa, nimewashonea wateja wa vijiji vya jirani miaka mingi, na nilimsikia vizuri akimwambia mkewe kwamba tangu azaliwe hajaona mtu akipimia tromboni gauni.

Nikakasirika. Nikikasirika mimi hutafuta kosa la kitu, na kosa nililipata. Hakuna fundi anayenunua cherehani bila kuzungusha gurudumu kwa mkono akasikiliza. Nikaivuta ile nzuri polepole. Katikati ilikwaruza, ikakwama, ikaachia, ikakwama tena. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nikaisimamisha ile mbovu, nikaliachia bomba lake kidogo, likateremka lenyewe bila sauti mpaka nikalidaka.

"Hii ya kuungaunga inateremuka muzuri kuliko ile ingine," nikawaambia.

"Mama, kuteremuka haiko kupiga," akasema mwalimu. "Noti njo tunangojea."

Alikuwa sahihi. Nikaiweka begani. Ilikuwa nzito, ikaniegemea shingoni, nikalazimika kuikaza kwa mkono wa kushoto ili isiniangukie. Bomba nililiacha limefungwa kabisa, karibu na shavu, nipate kwanza sauti ya kwanza ninayoijua. Nikavuta pumzi, nikapuliza.

Ikatoka noti ya chini. Ile ile! Nene, ya mviringo, ikaingia mpaka kwenye vikombe vya mke wa mzee. Nami mkono wangu wa kulia ulikuwa umekunjwa, sijausogeza hata inchi moja.

Nikaacha kupuliza, nikaitazama tromboni. Mwalimu akanitazama mimi. Shemasi akachungulia nyuma yangu kama mimi ndiye niliyeficha mtu.

"Umefanya je?" mwalimu akauliza.

"Sijafanya kitu!"

Mzee wa Kawale ndipo akainuka. Aligusa kidole gumba changu cha kushoto. Kwa kukaza kwangu nilikuwa nimekibonyeza kile kijiti cha chuma bila kujua. Akatueleza taratibu: haya mabomba ya nyuma hayakuungwa na mtu, yalizaliwa nayo. Ukibonyeza kijiti, pumzi inapitia huko, inatembea safari ndefu zaidi, na kile ambacho mkono ungekwenda kukitafuta mbali kinakuja chenyewe hapa karibu. Wapigaji wakubwa huzipenda hizi, alisema, hata wenye mikono mirefu.

"Lakini amayi," akaongeza, yaani mama kwa Kichewa, "wewe ilikuwa inakungoja."

Wafanyabiashara husema hivyo kwa kila mteja, najua, nami huwaambia wateja wangu vivyo hivyo. Lakini nilimwamini. Nikabonyeza, nikapuliza. Nikaachia, nikapuliza. Nikaupiga wimbo wote wa shukrani pale sebuleni nimesimama kati ya kochi na meza, na mwisho wake ukatua mahali pake.

Mwalimu alikuwa bado anaitazama ile inayong'aa kama mtu anayeaga. "Bamama batasema nini? Balitoa mchango, tunabaletea kitu ya rangi ya sufuria."

"Bamama mi njo moja yabo," nikamjibu. "Na sufuria njo tunapikiaka. Hakuna mama anakatala sufuria juu ya rangi."

Akamgeukia shemasi. "Na we unasema je? Jaribu basi, usikie."

Shemasi akaipokea, akaipima uzito, akanirudishia haraka. "Mi niseme ukweli mbele ya Mungu? Mi sipendi tromboni. Mi napenda ngoma. Tangu mwanzo napenda ngoma. Hakuna mutu aliniulizaka."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yule mtu niliyemwombea kwa kifupi! Pale pale nikamwahidi suruali, na nikasema kitambaa natoa mimi.

Mwalimu akalegeza tai. Tukalipa, tukala nsima, ugali wa huku, ya mke wa mzee kwa maharage, tukarudi. Kutoka barabarani hadi kambini nilipanda kabaza, mimi nyuma ya baiskeli na tromboni mapajani, na dereva akawa anapiga kengele kwa kila mtu ili tuonekane. Jirani zangu walitoka milangoni. Mmoja akauliza ni bomba la maji gani hilo, nikamwambia asubiri Jumapili.

Jumapili ilifika. Wimbo ulipokaribia mwisho nikabonyeza, nikapuliza, na noti ikashuka kanisani nzima nzima. Kina mama walipiga vigelegele. Shemasi, huko nyuma, alipiga ngoma kama mtu aliyefunguliwa jela.

Baada ya ibada mwalimu alituita nyuma ya kanisa kutupa makosa yetu, kama kawaida yake. Upole wake wote huishia pale, haachi mtu. Ila mimi nilikuwa sijawahi kukosolewa. Miezi yote alikuwa akiniambia "Aksanti, mama, umejikaza", kama unavyomwambia mgonjwa aliyemaliza uji. Siku hiyo aliwapitia wapiga tarumbeta, akampitia shemasi, kisha akaninyooshea kidole.

"Na we, tromboni! Ile noti ya mwisho umekawia. Benzako bote banafika, we ungali mu njia. Juma ijayo sitaki kusikia vile."

"Ndiyo, mwalimu!" nikajibu kwa furaha, nikasogea kusimama kati ya wapiga tarumbeta na shemasi, mkosaji kama wao.