Siku Niliyompokea Mama Mzigo Uwanjani

Wiki iliyopita bosi wangu pale ofisini Plano, huku Texas, alitutangazia kwamba Jumamosi tunapelekwa kuangalia mpira wa chuo, ule wa Kimarekani, kwenye chumba cha kampuni, kule juu uwanjani. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nilitabasamu kwa adabu. Nilikwenda, maana bosi akikualika si mwaliko ule, lakini nakwambia kweli, rafiki yangu, tangu lifti ilipoanza kupanda nilikuwa natafuta kwa macho kitufe cha kushukia. Mlango ukafunguka, baridi ya kiyoyozi ikanipiga usoni, na harufu ikawa ile ile: nyama ya ng'ombe ya moshi, zulia jipya, na manukato ya watu wasio na haraka. Nikawa mtoto tena, namtazama mama, nasubiri aseme neno moja tu.

Kama hujawahi kuingia humo, ngoja nikueleze. Uwanja wa chuo una watu wa aina mbili. Kuna walio chini, kwenye mabenchi ya chuma ambayo jua la Texas la mwezi wa tisa limeyapasha mpaka ukikaa unaruka. Na kuna walio juu, nyuma ya vioo. Chini unapanga foleni ya choo mpaka mchezo unakupita. Juu choo ni chako, friji ni yako, kiti ni cha ngozi, na anakuja mtu kukuuliza roho yako inataka nini. Bei yake huioni imebandikwa popote. Hukodi kwa siku, unakodi kwa miaka, tena kwanza unakichangia chuo ndipo uruhusiwe kukodi, na chakula bado unanunua mbali. Na pamoja na hayo yote watu wanapanga mstari kusubiri mwenzao aachie chumba. Mama alikuwa anatuchekesha sana na habari hiyo. Mtu analipa hela ya kujengea nyumba ili akae karibu na mchezo, halafu akifika anaupa mgongo uwanja, anaangalia televisheni.

Alikuwa anajua kwa sababu alikuwa anahudumia huko, Jumamosi za msimu wa mpira. Siku nyingine zote alikuwa ghala, anapakia maboksi. Sisi tulikuwa mji wa Carrollton, ghorofa ya pili, mimi na wadogo zangu, baba, mama, na bibi mzaa baba, aliyekuja nasi kutoka kambi ya wakimbizi Kigoma na kabla ya hapo Kivu. Shifti ya mama ghala ilikuwa ya mchana hadi usiku. Basi la shule likitushusha, yeye ndiyo anatoka. Tunakutana kwenye ngazi, ananishika shavu, ananiambia chakula kiko wapi, amekwenda. Akirudi tumeshalala. Kwa hiyo watoto wengine walikuwa na mama wa jioni, mimi nilikuwa na mama wa ngazi.

Bibi ndiye aliyetulea hizo jioni. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, jikoni, kwenye zulia lililokunjwa ili kinu kisipige kelele, na jirani wa chini hata hivyo alikuwa anagonga dari kwa fagio. Bibi anasimama kidogo, anasikiliza, anasema, "Na yeye anatwanga," kisha anaendelea. Nyumba nzima ilinuka mafuta ya mawese na ndagala, dagaa wa kwetu. Lakini usimwone hivyo ukadhani alikuwa mpole. Kwa bibi kulikuwa na mambo mtoto hafanyi hata akiwa anaumwa. Mkubwa hapewi kitu kwa mkono mmoja. Na mkubwa hasimami mbele yako amebeba mzigo na wewe umekaa. Unainuka, unapiga goti kidogo, unasema, "Lete nikupokee." Baba akirudi na mifuko, mama akitoka dukani, hata mgeni wa kanisani akija na mkoba wake tu, tulikuwa tunashindana kupokea. Ukichelewa, bibi hakusemi. Anakuangalia tu, na lile jicho lilikuwa linatosha mpaka kesho.

Sasa sikiliza jambo lililokuwa linanikosesha raha mwaka ule. Jiko la uwanjani lilikuwa linatafuta mtu wa kudumu, wa mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, maana vile vyumba hukodishwa kwa harusi na mikutano hata mpira usipokuwepo. Supavaiza wa huko alikuwa amemwambia mama ataangalia kazi yake mpaka msimu uishe, kisha ataamua. Mama akiipata, anaacha ghala. Basi la shule likitushusha, atakuwa nyumbani. Ndicho nilichokuwa nakiombea kanisani wenzangu wakiombea baiskeli. Nilikuwa nimeshapanga hata atakaa kiti gani nikifanya homuweki.

Katikati ya hayo rafiki yangu wa darasani akanialika kwenye sherehe yake ya kuzaliwa. Wapi? Uwanjani, kwenye chumba cha babu yake. Baba alisema hapana kabla sijamaliza sentensi. Uwanja ulikuwa na sheria: mfanyakazi hahudumii ndugu yake, na ndugu zake hawaonekani juu akiwa kazini, kwa kuwa huko nyuma kuna watu walikuwa wanalisha jamaa zao chakula cha wateja. Nililia siku nzima. Mwisho mama akasema vyumba ni vingi, hatutakutana. Kisha akanikalisha kitandani kwake na kunishika magoti yote mawili.

"Weye mama, sikiliza," aliniambia. Kwetu mama humwita binti yake mama. "Siku ile ukiniona, haunijui. Mimi ni mtu wa kazi, weye ni mgeni. Tukifika nyumbani nitakuwa mama yako tena."

Nikasema ndiyo. Bibi alikuwa mlangoni, akaguna, "Hiyo ni kazi gani?"

Jumamosi ikafika. Mama wa rafiki yangu alinichukua kwa gari, tukaegesha karibu kabisa na mlango, sehemu ambayo watu wa chini hawaruhusiwi hata kugeuzia. Nilivyoingia kile chumba, sikufichi, nilikipenda. Kilikuwa na keki, na ukuta mzima wa kioo, na chini yetu bendi ya chuo inapiga ngoma kama mvua juu ya bati, lakini kwetu inasikika kwa mbali. Babu wa rafiki yangu, mzee mrefu aliyesoma chuo hicho hicho, alinipa mkono akaniambia nijisikie nyumbani. Nilikaa kwenye kiti cha ngozi, miguu haifiki chini, nikaanza kweli kujisikia nyumbani.

Mlango ukafunguliwa na toroli likaingia, na nyuma ya toroli alikuwa mama.

Alikuwa na nguo nyeusi, aproni, nywele amezifunga. Aliniona. Najua aliniona kwa sababu macho yake yalinipita haraka mno. Akapanga sahani, akamimina vinywaji, akamwendea kila mtu kwa zamu. Nikawa nahesabu viti vilivyobaki kabla hajanifikia mimi. Alipofika akainama, akaniuliza kwa Kiingereza, sauti laini ambayo sijawahi kuisikia, "Na wewe binti, ungependa nini?" Nikasema juisi. Nikasahau hata kusema asante. Rafiki yangu alikuwa ananionyesha zawadi zake na mimi nilikuwa naitikia tu, sisikii neno, nasali kimoyomoyo msimu uishe salama.

Nusu ya kwanza ilipita hivyo. Mama aliingia, akatoka, akaingia. Supavaiza naye alianza kupita, mwanamke wa makamo mwenye simu ya upepo kiunoni, anasimama mlangoni, anaangalia meza, anakwenda zake. Nikajua ndiyo anamwangalia mama.

Kisha timu yao ikafunga. Watu wazima wote wakaruka kwenda kwenye kioo, wanakumbatiana, wanapiga kelele. Wakati huo huo mama akaingia amebeba treya kubwa ya chuma imejaa nyama inayofuka moshi, mikononi ana vitambaa vya kushikia. Meza ilikuwa imejaa glasi za watu. Hapakuwa na pa kuiweka. Akasimama katikati ya chumba, anazunguka, anasema samahani kwa migongo ya watu, na hakuna aliyegeuka. Nikaona treya inaanza kulala upande mmoja. Ile mikono ilikuwa imepakia maboksi wiki nzima.

Mimi sikufikiri. Watu wanaponiuliza nilifikiri nini, nawaambia mwili ndio ulioinuka. Nilishuka kwenye kiti, nikachukua kitambaa kikubwa cha kufutia mikono nikakikunja viganjani, nikaenda mbele yake, nikapiga goti, nikasema kwa sauti ya nyumbani, "Mama, lete nikupokee."

Naye akaniachia. Hilo ndilo watu hawalioni. Mikono yake nayo ilikuwa imelelewa na bibi mwingine kama wangu, ikaniachia treya kabla hajakumbuka tuko wapi.

Kelele zilikuwa zimeisha. Neno mama halihitaji mkalimani. Wote waligeuka wakaniona, mtoto mgeni wa sherehe, nimebeba treya ya moto yenye uzito wa kuniangusha. Na mlangoni alikuwa supavaiza.

"Huyu mtoto ni wako?" aliuliza. Hakuuliza kwa ukali, aliuliza kama mtu anayetamani kujibiwa hapana.

Babu wa rafiki yangu alijaribu kusaidia. Alisema labda ni desturi yao, amesikia Waafrika humwita kila mwanamke mama. Na ni kweli, ndivyo tulivyo. Kanisani nilikuwa na mama thelathini. Mama angeitikia kwa kichwa tu, yakaisha, na wala usingekuwa uongo mtupu. Joto lilikuwa limeanza kupenya kitambaa, vidole vinaniuma, na mimi nilikuwa namwomba kwa macho: sema hapana. Sema hunijui. Sema, ili uwe nyumbani basi likitushusha.

Mama aliitoa ile treya mikononi mwangu taratibu, akazisukuma glasi za watu kwa kiwiko, akaipachika mezani. Akageuka.

"Ndiyo," alisema. "Ni mtoto wangu. Wa kwanza."

Supavaiza akamwambia watoke wakaongee nje. Mama akaondoka na aproni yake, na nyama ikaja kugawiwa na kijana mwingine. Mzee alisema atapiga simu kwa wakubwa, yeye ni mteja wa miaka mingi. Pengine alipiga, kwetu haikulia. Mimi nililazimika kukaa mpaka mwisho kwa kuwa sikuwa na gari. Nilikula keki. Haikuwa na ladha yoyote.

Nyumbani hakuna aliyenigombeza. Baba aliwasha redio akaizima. Bibi aliniita, akanipaka mafuta kwenye vidole, akasema, "Umepokea vizuri." Jumatatu basi likatushusha, nikakutana na mama kwenye ngazi, akanishika shavu, akaenda ghala. Ikawa hivyo mpaka nikamaliza shule.

Siku hizi ile ghorofa ya vyumba vya vioo kule uwanjani imebomolewa, wamejenga nyingine yenye vyumba vingi zaidi, na nasikia navyo vimekwisha kukodiwa vyote. Bibi tulimzika. Kwenye yale maapatimenti yetu wanakaa watu wengine, na sijui kama kuna anayetwanga. Mama yuko mji wa Sugar Land kwa mdogo wangu, analea wajukuu, na kila mtoto akitoka shule anamkuta. Nawaonea wivu wale watoto, sioni aibu kusema.

Jumapili, siku moja baada ya kutoka kule juu na wenzangu wa ofisini, nilimpigia simu. Nikamuuliza jambo ambalo miaka yote hii nilikuwa nalizunguka. Mbona hukusema hapana? Babu wa watu alikuwa ameshakupa na maneno.

Hakufikiri hata kidogo.

"Ulikuwa umebeba treya ya moto, mama," alisema. "Ningesema sikujui, ungeiweka wapi?"

Nililia kwenye simu mpaka akaniambia basi. Lakini nitakwambia wewe kile nilichoshindwa kumwambia yeye: zile jioni hatukuzipata, na mpaka leo bado nazitaka.