Mgongo, Vidonge na Mtani Wangu

Mgongo wangu ulianza kunisumbua msimu wa korosho, na sikushangaa. Korosho tunaziokota chini zilipodondoka, na wanawake wa kwetu huokota kwa kuinama kutoka kiunoni, magoti yamenyooka, tangu asubuhi mpaka jua linapochoma utosi. Ukichuchumaa utaitwa mvivu. Mimi ni mwalimu: siku za wiki nasimama darasani, siku za mapumziko nainama kwenye shamba letu la Mtawanya. Mgongo haukuwa na likizo.

Daktari alinionyesha picha. Diski, ule mto ulio kati ya pingili za chini za uti wa mgongo, imetokeza, akasema, inabana mshipa wa fahamu. Njia ni mbili: vidonge pamoja na mazoezi, au upasuaji. Wengi hupata nafuu bila kisu, kwa hiyo tungeanza na vidonge.

"Ila mama, mguu ukianza kulegea, usikae nyumbani. Hapo itabidi tupasue mapema, maana ukichelewa mguu unaweza usirudi."

Nilisikia neno vidonge, mengine nikayaacha palepale mezani kwake. Kisu nakiogopa. Mtaani kwetu Chuno kila mtu ana jamaa aliyepasuliwa mgongo akaishia kitandani, na ukiuliza jamaa huyo anakaa wapi, hakuna ajuaye. Ushauri wa bure nao haukukosekana. Mzee wa Kihindi ninayenunua kwake vitambaa kule Mikindani alinipa mafuta yaliyonuka mpaka wanafunzi wakafungua madirisha yote. Kaka yangu wa Msimbati akanifukia kwenye mchanga wa moto ufukweni, kiuno na miguu. Nilitoka na mgongo uleule, na mchanga mwilini wa kuoshwa wiki nzima.

Vidonge ndivyo vilivyofanya kazi. Maumivu yakapungua, nikalala usingizi, nikarudi hata shambani kupalilia. Nikajitangaza mzima.

Jumamosi moja akaja mtani wangu. Mimi Mmakonde, yeye Myao, tunapakana ukuta, na kwetu mtani ana ruhusa ambayo hata mume hana: anaweza kukucheka msibani kwako na usinune. Alikuta wageni wawili, walimu wenzangu, wamekuja kunipa pole. Akaona pole zimezidi.

"Mnamhurumia huyu? Hamjamwona anavyokwenda sokoni?"

Akakaza kanga kiunoni, akabinua midomo kama mimi ninapokasirika, akaanza kutembea juu ya mkeka. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Alikuwa amenipata kila kitu: bega juu, mkoba kwapani, shingo ya mtu anayesubiri kuamkiwa. Mguu wa kulia ulikwenda vizuri. Wa kushoto ukaja nyuma yake, vidole vikiburuta, ndala ikikwama kwenye mkeka.

Nikaacha kucheka.

"Hebu rudia huo mguu."

"Ee, mtani kanuna!"

"Sijanuna. Rudia."

Akarudia, taratibu zaidi. Nyani haoni kundule, na mimi mwendo wangu sikuwahi kuuona. Vidonge vilikuwa vimenyamazisha maumivu tu, nami nikadhani ugonjwa umekwisha. Nikasimama, nikashika ukuta, nikajaribu kunyanyua vidole vya mguu wa kushoto huku kisigino kikiwa chini. Havikunyanyuka. Nikakumbuka yale maneno ya daktari niliyoyaacha mezani kwake.

"Tangu lini natembea hivi?"

Wageni wakatazamana.

"Tangu mvua zianze," mmoja akasema. "Tulidhani unajua. Tuliona vibaya kukwambia."

Wao walikuwa na adabu. Walimu wenzangu, majirani, hata mume wangu, wote walikuwa wameuona mguu wangu ukifa, wakanistahi.

Mtani wangu alikuwa bado amesimama katikati ya mkeka, machozi yakimlengalenga.

"Mimi nilikuwa nachekesha tu, dada," akasema. Hajawahi kuniita dada.

"Nichukulie mkoba wangu," nikamwambia. "Twende hospitali. Wakisema kisu, iwe kisu."

Kisu nilikuwa nakiogopa vilevile. Lakini niliogopa zaidi kuikuta siku ambayo mguu ule usingenifikisha popote. Tukatoka. Alinishika mkono mpaka barabarani, akienda polepole, hatua yake ikifuata yangu, na safari hii hakuwa ananiigiza.